Fimbo na rili kwa mvuvi wa mtumbwi: tununue nini, tuache nini?

Fedha za mzunguko zikishatimia, kikundi cha wavuvi hukaa chini ya mwembe na swali moja tu: tununue nini? Zamani jibu lilikuwa wavu. Siku hizi vijana wengi wanataja fimbo na rili, vile vifaa walivyowaona wageni wa hoteli wakivulia wakiwa kwenye kayaki za plastiki. Na kayaki yenyewe, tukiitazama vizuri, si kitu kigeni kwetu. Ni chombo chembamba cha mtu mmoja au wawili, unakaa chini karibu na maji na kupiga kafi. Hori na mtumbwi ni vivyo hivyo. Kwa hiyo linalomfaa mvuvi wa kayaki linamfaa na wa mtumbwi, na linalomwangusha huyo majini litamwangusha na huyu.

Wacha tuseme mapema tunachokiamini, ili asiye na nafasi ya kusoma yote asipate hasara. Kwa mtumbwi, pesa zenu zinunue kwanza breki nzuri ya rili. Fimbo ni ya pili. Urefu, rangi na jina lililoandikwa kwa dhahabu vinakuja nyuma kabisa. Na kwa kazi nyingi za ndani ya mwamba, mshipi wa mkono bado unatosha, hamna haja ya kununua hata kimoja.

Kwanza kazi, kisha kifaa

Kila mvuvi wa pwani yetu anajua kwamba ndani ya mwamba na nje ya mwamba ni bahari mbili. Ndani kuna tafi, changu, pono na chewa wadogo. Tafi anakula majani ya bahari, ni samaki wa malema na nyavu. Hata ukimletea fimbo ya bei gani, hana shida nayo. Changu na chewa wanakaa chini. Hao unawashushia mshipi wima, chubwi ikigusa chini unainua kidogo, unasubiri. Kidole chako ndicho kinachosikia. Nailoni ya milimita 0.7 au 0.8 iliyozungushwa kwenye kibao, ndoana na chubwi, basi. Fimbo hapo inaongeza gharama, haiongezi samaki.

Kuna kazi mbili ambazo fimbo na rili hulipa. Ya kwanza ni kurambaza, yaani kuvuta chambo nyuma ya chombo kwenye ukingo wa mwamba na kwenye milango yake, ukitafuta kolekole, tengesi na nguru. Mwenye kafi ana mikono miwili na yote iko kazini. Mshipi utashikwa na nani? Wengi huufunga kwenye kidole cha mguu au kuuzungusha gotini. Jamani, hiyo ni hatari, na tutaeleza kwa nini. Kazi ya pili ni kutupa chambo mbali: kandokando ya mikoko kwenye vijito vya bahari kama Mida, Kilifi na Mtwapa, au pale unapoona dagaa wanaruka na ndege wanapiga mbizi, na ukisogea na mtumbwi kundi lote linazama. Hapo mshipi wa mkono haufiki.

Sasa pigeni hesabu kabla ya kwenda Mombasa. Tuseme, kwa mfano tu, fimbo na rili pamoja ni shilingi 9,000, na kilo ya samaki mnauza shilingi 300. Mtasema, ah, kilo 30 tu, tutalipa kwa wiki mbili. Siyo hivyo. Zinazohesabiwa ni zile kilo ambazo msingezipata kwa mshipi wa mkono. Kama kifaa kinawaongezea kilo 2 kwa wiki, ni wiki 15 kabla ya kurudisha pesa, na ndani yake kuna siku za kusi kali ambapo mtumbwi hautoki kabisa. Kikundi kinachoanza kununua mwezi wa tano kinanunua pambo la kutundika ukutani. Heri kusubiri kusi ilegee, mnunue karibu na kaskazi, kifaa kianze kazi siku ya pili.

Fimbo haikupi nguvu

Watu wengi hudhani fimbo inamsaidia mvuvi kumvuta samaki. Kwa kweli inamsaidia samaki. Chukua fimbo ya mita 2, shika mwisho wa mpini tumboni na mkono mwingine nusu mita mbele. Samaki akivuta kilo 4 tu kwenye ncha, mkono wa mbele unabeba kilo 16. Fimbo ikipinda mzigo unapungua, lakini bado ni mkubwa kuliko zile kilo 4 ambazo mkono ungezisikia kwa mshipi mtupu. Kazi ya fimbo ni nyingine. Inapinda na kurudi, kwa hiyo samaki akitikisa kichwa uzi haupati mshtuko wa kukatika. Inatupa chambo mbali. Inauweka uzi nje ya chombo usisuguane na ukingo. Na inakaa kwenye kishikio wakati wewe unapiga kafi.

Sasa fikirieni mtumbwi. Ukielekeza fimbo ubavuni, ncha ikawa mita 2 kutoka katikati ya chombo, na samaki akapiga mbizi na kuvuta kilo 4 kwenda chini, chombo kinasikia kama kilo 16 zimekaa nusu mita kutoka katikati. Hizo ni kama mtoto wa miaka minne ameketi ukingoni. Mvuvi mzoefu anaziweza. Lakini kama rili imekazwa kabisa na uzi ni wa kilo 12, samaki anaweza kuvuta mpaka kilo 12 kabla uzi haujakatika. Zidisha: ni kilo 48. Yaani kama vile mtu ametupa nusu gunia la mahindi ukingoni, ghafla, upande mmoja. Mtumbwi usio na matengo hauna majibu kwa hilo. Ngalawa ina nafuu kidogo, lakini tengo likizama na chombo kikiwa kinakwenda, nako si salama.

Ndiyo sababu tunasema breki kwanza. Breki ya rili ni visahani vilivyobanana kwenye kigurudumu cha uzi. Samaki akivuta kupita kiasi ulichoweka, vinateleza na uzi unatoka. Uzi haukatiki, mkono hauvunjiki, chombo hakipinduki. Mshipi uliofungwa kwenye kidole cha mguu hauna breki. Nguru anayeweza kupita urefu wa mita 2 akiushika huo, hatakuuliza jina.

Namna ya kupima breki

Dukani usipime breki kwa kusikiliza mlio. Mlio ni kengele tu. Funga uzi kwenye kitu kizito, au mwambie mwenzako aushike, kisha vuta polepole na kwa mfululizo. Breki nzuri inaanza kuachia bila kushtuka na inaendelea sawasawa. Breki mbaya inakwama, inaachia kwa kishindo, inakwama tena. Kila inapokwama, uzi unapata mzigo mara mbili. Ukiona hivyo rudisha rili kwenye kabati lake, hata kama inang'aa namna gani.

Ufuoni tumieni mizani ya kutundika, ile ile ya kupimia samaki. Pitisha uzi kwenye vipete vyote vya fimbo, funga mwisho wake kwenye ndoano ya mizani, mwenzako ashike mizani, wewe inua fimbo ipinde. Kaza breki mpaka ianze kuachia kwenye robo ya nguvu ya uzi, na isipite theluthi. Uzi wa kilo 12, breki ni kilo 3, mwisho 4. Kwa mtumbwi sisi tungebaki kwenye 3. Sababu ni hii: kadiri uzi unavyotoka, duara lililobaki kwenye kigurudumu linakuwa dogo, na breki inazidi kukaza yenyewe bila wewe kuigusa. Duara likibaki nusu ya upana wake wa mwanzo, zile kilo 3 zimekuwa 6. Mvuvi asiyejua hilo, akiona samaki anakimbia mbali, huongeza kukaza. Hapo ndipo uzi hukatika, au hutokea jambo baya zaidi.

Samaki akishashika, elekeza fimbo omo, mbele ya chombo, na umwache akuvute. Mtumbwi ukivutwa kwa urefu wake hauna ubishi, na samaki anachoka kwa kuuburuta. Akizunguka upande wa pili, zungusha fimbo kupitia omo, usiipitishe juu ya kichwa. Kama mmetia nanga, kamba ya nanga iwe na boya mwishoni ili uweze kuiachia na kuirudia baadaye. Kisu kiwe mahali mkono unapofika bila kutafuta. Na jaketi la kuokolea livaliwe, lisikaliwe kama mto.

Rili ya aina gani?

Madukani mtakuta aina mbili kubwa. Moja inaning'inia chini ya fimbo, kigurudumu chake hakizunguki wakati wa kutupa, uzi unatoka kwa kupita kwenye mdomo wake. Nyingine inakaa juu ya fimbo kama ngoma ndogo, na ngoma hiyo inazunguka uzi unapotoka. Ya ngoma ni imara, inafaa sana kwa kurambaza na kwa kushusha chambo chini. Lakini asiyeizoea akitupa nayo, ngoma inazunguka haraka kuliko uzi unavyokwenda, na kinachobaki ni kiota cha ndege. Kwa kikundi ambacho watu wanapokezana kifaa, ya kuning'inia ndiyo tunayoipendekeza. Mtu anajifunza kwa asubuhi moja.

Ukubwa wake: zile ambazo makampuni mengi huziandika 4000 au 5000 zinatosha kwa kolekole, tengesi na nguru wa kawaida. Nambari hizi hazilingani kampuni kwa kampuni, kwa hiyo soma pia maandishi yanayoonyesha inabeba mita ngapi za uzi. Mita 200 za uzi wa kilo 12 ni kiasi kizuri. Ulizeni kama spea zinapatikana: visahani vya breki, mkono wa kuzungushia, na springi ya ule waya unaofunguka. Muuza duka akisema "hii haiharibiki", basi hana spea.

Kuna pia rili kubwa za mtumba zinazotoka kwenye mashua za uvuvi wa kitalii za Malindi, Watamu na Shimoni. Ni vyombo vizuri, vya bei, na mtu akikupa moja kwa bei nafuu utashawishika. Lakini vilitengenezwa kwa mtu aliyekaa kwenye kiti kilichofungwa kwa bolti, amevaa mkanda, na nahodha anamfuata samaki kwa injini. Wewe huna kiti, huna injini. Uziacheni.

Na fimbo yenyewe

Kwa mtu aliyekaa chini, futi 6 hadi 7 zinatosha. Ikiwa fupi kuliko futi 5 na nusu hivi, samaki akipita mbele ya omo huwezi kuuzungusha uzi, unasuguana na mbao. Ikiwa ndefu kuliko 7, samaki akifika karibu huwezi kumleta ubavuni; utainua fimbo mpaka isimame wima, na hapo ncha huvunjika. Angalia mpini pia. Mpini mrefu ni wa mtu anayesimama ufuoni. Ukiwa umekaa utakugonga kifuani na kukwama kwenye nguo kila unapogeuka.

Fimbo nyingi zimeandikwa nguvu ya uzi kwa pauni. Pauni 20 ni kama kilo 9, pauni 30 ni kama kilo 13 na nusu. Iliyoandikwa pauni 15 hadi 30 itaushughulikia ule uzi wa kilo 12. Kuhusu vitu iliyotengenezwa navyo: za kaboni ni nyepesi na zinasikia haraka, lakini zikigongwa ukingoni zinapata ufa usioonekana, kisha siku ya samaki mkubwa zinapasuka. Tena kaboni hupitisha umeme, kwa hiyo radi zikianza ilazeni chini na mrudi pwani. Faiba ni nzito kidogo na haina maringo. Kwa mtumbwi wenye pondo, kafi, nanga na miguu ya watu wawili, chukueni faiba, au mchanganyiko.

Vipete vikaguliwe kimoja kimoja. Pitisha kipande cha pamba ndani ya kila kipete. Kikiacha nyuzi zake, kuna ufa, na ufa huo utaukata uzi wako kama wembe. Fimbo ya vipande viwili ni rahisi kubeba kwenye matatu. Pakeni nta ya mshumaa kidogo kwenye maungio ili visikwame wala kuchomoka.

Kishikio msinunue. Bomba la plastiki la maji la inchi moja na nusu, urefu wa futi moja, lililokatwa mfereji juu ili mguu wa rili ukae, likafungwa imara kwenye ubao wa kukalia kwa kamba au bolti, linafanya kazi ile ile. Lielekee nyuma na nje kidogo. Msitoboe chombo chini ya mstari wa maji kwa sababu ya bomba! Fimbo ifungwe kwa kamba fupi isipotee, lakini kamba iwe ya kukatika kwa kisu mara moja.

Uzi

Kuna nailoni ya kawaida na kuna uzi wa kusuka. Uzi wa kusuka ni mwembamba kwa nguvu ile ile, kwa hiyo unaingia mwingi, na haunyooki kama mpira, mguso mdogo unausikia. Ubaya wake, ukisugua mwamba kidogo tu unakatika, na ukiushika kwa mkono samaki akiwa anakimbia utakukata mpaka mfupani. Nailoni inanyooka, inasamehe makosa ya mgeni, na bei yake ni ndogo. Anzeni na nailoni. Mkija kutumia wa kusuka, tangulizeni mita chache za nailoni kwenye kigurudumu, la sivyo wote utateleza na kuzunguka bure. Jazeni mpaka ibaki milimita 2 hivi kabla ya ukingo. Ukizidi unamwagika, ukipungua chambo hakiendi mbali.

Nguru na tengesi wana meno. Bila kipande cha waya cha sentimita 20 au 30 mbele ya ndoana, mtawalisha chambo tu. Kati ya waya na uzi wekeni kile kiungio cha chuma kinachozunguka, mshipi usijisokote. Rangi ya chambo bandia tusigombane: chenye kung'aa kama dagaa kinatosha, na kiwe mita 20 au 30 nyuma ya chombo.

Kabla ya yote hayo pitieni kwa BMU yenu na ofisi ya uvuvi ya kaunti mhakikishe leseni ya mvuvi na ya chombo. Mkumbuke pia kwamba ndani ya hifadhi za baharini zenye hadhi ya paki, kama Malindi na Watamu zilizotengwa mwaka 1968, uvuvi hauruhusiwi hata kwa fimbo. Mipaka iulizwe kwa wenyeji kabla ya kurambaza, kwani mkondo haukuulizi unakupeleka wapi.

Mali ya kikundi ni ya nani?

Kifaa cha watu wanane kisipokuwa na mtu kinaoza. Andikeni kwenye kitabu ni nani amekichukua, siku gani, na amekirudisha katika hali gani. Kubalianeni mapema mgao: tuseme sehemu moja ya samaki waliovuliwa kwa fimbo hiyo inarudi kwa kikundi, nyingine ni ya aliyetoka, na kiasi kidogo kinawekwa kando kwa uzi na spea. Uzi utaisha, hilo ni hakika; jua linaula hata ukiwa umetulia. Mita chache za mwanzo zikatwe kila baada ya safari kadhaa, na vipande vyote virudi nyumbani mfukoni, visitupwe baharini kunasa kasa.

Rili ikirudi kutoka baharini, mkaze breki kidogo, muimwagie maji baridi taratibu kama mnavyomwosha mtoto mchanga. Msiielekezee mpira wa maji wenye nguvu, maana unasukuma chumvi ndani badala ya kuitoa. Futeni kwa kitambaa, tieni tone la mafuta mepesi kwenye mkono na kwenye kile kigurudumu kidogo kinachopitisha uzi, visahani vya breki visiguswe na mafuta. Ikishakauka, legezeni breki kabisa ndipo muitundike kivulini, kwa sababu visahani vikikaa vimebanwa wiki nzima vinagandana, na asubuhi ya kwanza ya kurudi baharini vitakwama palepale samaki anapoanza kukimbia.